Alikuwa Anafanya Nini Kule? Woga wa Mwanamke katika Sanaa ya Kiswahili, kutoka kwa Siti hadi Tuseme

Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa kwanza tulisoma *Rosa Mistika* katika semina. Mwalimu akatuuliza swali ambalo karibu kila aliyesoma riwaya hiyo amewahi kuulizwa: ni nani au ni nini kilichompotosha Rosa? Basi mikono ikainuka. Mmoja akasema tamaa ya pesa. Mwingine akasema malezi. Mwingine akasema maisha ya bweni, na mwingine, huku akitabasamu, akasema Rosa mwenyewe "hakujiheshimu". Ubao ukajaa makosa ya Rosa. Ndipo dada mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, ambaye muhula mzima hatukuwa tumesikia sauti yake, akauliza, "Sasa hao wanaume mbona hawamo kwenye orodha?" Darasa likacheka. Mwalimu akatazama saa, akasema tutaendelea wiki ijayo. Wiki iliyofuata tukaanza kitabu kingine.

Usiku ule tulirudi bwenini wanne. Njia ya kutoka maktaba haina taa, na sisi wasichana hatuipiti mmoja mmoja baada ya saa mbili. Hakuna aliyetupa amri hiyo wala haikubandikwa popote. Kila anayekuja mwaka wa kwanza huijua kabla hajajua bei ya chai kantini. Tukiwa njiani nikawaza: mchana kutwa tumejadili kitabu kilichojaa woga huu huu, na hakuna mtu aliyeutaja.

Makala haya yanajaribu kuutaja. Dai langu ni hili: historia ya sanaa ya Kiswahili kuhusu ukatili wa wanaume ni historia ya maswali mawili yanayogombania nafasi. La kwanza anaulizwa mwanamke: ulikuwa unafanya nini kule? La pili anaulizwa mwanamume: umefanya nini? Wasanii wetu, tangu zamani za santuri, wamejitahidi kulitoa swali kwa mwanamke na kulipeleka kwa mwanamume. Sisi wahakiki ndio ambao mara nyingi tumelirudisha lilikotoka.

Usalama wa ndani ya mlango

Hebu tuanze mbali kidogo. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, katika visiwa vya upande wa Lamu, alitunga utendi wa kumuusia binti yake. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa ameshafariki, baada ya maisha marefu ya kupambana na utawala wa Zanzibar. Mama mwenyewe alikuwa mgonjwa. Utendi huo unajulikana sana, na wahakiki wa siku hizi hawamwonei huruma mtunzi wake. Wanasema anamfundisha binti utumwa: amridhishe mume, apime maneno yake, asitoke nje bila ruhusa.

Lawama hiyo ina ukweli wake na siikatai. Lakini tukiusoma utendi kihistoria, lazima tuulize pia mama huyu alikuwa na kitu gani cha kumwachia mtoto. Nchi imepita katika vita. Baba amekwenda. Mama anajiona yuko njiani. Msichana wa namna hiyo atabaki chini ya ulinzi wa nani, kama si wa mume? Na ulinzi wa mume ulikuwa na bei yake, yaani utii. Mwana Kupona anamtajia bintiye bei hiyo waziwazi, kipengele kwa kipengele, kama mtu anayemwelekeza mwenzake jinsi ya kupita mahali penye hatari. Ndiyo maana naona kwamba chini ya adabu zote zile kuna woga wa mama.

Tatizo la usalama wa namna hii liko wazi. Unamlinda mwanamke dhidi ya watu walio nje ya mlango, lakini haumlindi dhidi ya mwenye mlango. Tena unamwacha bila jibu mwanamke asiye na mlango kabisa. Neno "ruhusa" tulikumbuke, maana tutakutana nalo tena miaka kama 70 baadaye, mbele ya hakimu.

Siti na kesi ya Kijiti

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya watu wenye asili ya utumwa. Walikuwa wafinyanzi, naye alianza maisha kwa kutembeza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba na kupiga ala, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay na kundi lake kurekodi santuri. Maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert katika *Wasifu wa Siti Binti Saad*, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma shuleni kama hadithi ya mtu fukara aliyefanikiwa kwa juhudi. Kwa bahati mbaya tukiishia hapo tunasahau aliimba kuhusu nini.

Aliimba kuhusu watu wa Ng'ambo. Utumwa Unguja ulifutwa kisheria mwaka 1897, na katika miongo iliyofuata wanawake wengi wa asili ya utumwa walihamia ng'ambo ile ya mji kutafuta riziki. Hawa hawakuwa wanawake wa Mwana Kupona. Hawakuwa na ukoo wenye jina wa kuwasimamia, wala nyumba kubwa ya kuwaficha. Kula kwao kulitegemea kutoka nje. Na kwa kuwa walikuwa huru, walitaka pia kutoka kwa ajili ya furaha: ngoma, mavazi, matembezi ya usiku na marafiki. Uhuru huo ulikuwa mtamu, na ulikuwa na hatari ambayo hakuna sheria iliyoijali.

Wimbo wa "Kijiti" umetokana na mkasa wa kweli wa miaka ya 1920. Mwanamke mgeni, aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, alitoka na wenzake kwenda ngomani upande wa Chukwani. Walikuwa wamebeba kinywaji. Kijiti alimchukua mgeni yule hadi vichakani, na aliporudishwa alikuwa maiti. Alikuwa na mimba. Kijiti akatoroka akakimbilia bara. Kesi ikafika mahakamani, na waliosimama mbele ya hakimu ni wanawake waliokuwa wametoka na marehemu. Hao ndio waliofungwa. Muuaji alikuwa ng'ambo ya bahari. Mashahidi walikuwa gerezani.

Jamani, tusome tena sentensi hiyo ya mwisho taratibu. Mahakama ilikuwa na maiti ya mwanamke mbele yake, lakini kilichoikasirisha ni ule ulevi, na wanawake kutembea usiku. Swali lililoulizwa ni lile la kwanza: mlikuwa mnafanya nini kule?

Siti alifanyaje? Naona mambo matatu ambayo mhakiki hapaswi kuyapita.

Kwanza, anataja jina. Taarabu kwa kawaida ni sanaa ya mafumbo. Mtu anasemwa kwa jina la ua, la ndege au la tunda, na anayehusika anajijua mwenyewe. Katika wimbo huu Siti anaweka fumbo kando. Mtuhumiwa anatajwa, mahali panatajwa, na waliofungwa wanatajwa. Kwa watu ambao wengi wao hawakusoma magazeti, na ambao mahakama haikusema lugha yao, wimbo ulikuwa ndiyo taarifa ya kesi. Kijiti alikimbia polisi, lakini wimbo ulikwenda mdomo kwa mdomo, nao hauhitaji hati ya kukamatia mtu.

Pili, anatumia nafsi ya wingi. Mwimbaji hasimami pembeni akiwanyooshea kidole wale waliotoka bila ruhusa. Anasema "sisi". Tulitoka, tulibeba, tulikwenda. Ile ruhusa ya Mwana Kupona imerudi hapa, ila sasa inatajwa na mwanamke anayekiri bila kuomba radhi kwamba hakuiomba. Rafiki yangu mmoja, mhakiki mzuri tu, ananiambia kwamba wimbo huu ni wa kuwaonya wanawake wasitoke usiku. Namjibu hivi: anayeonya husema "ninyi". Siti amejihesabu miongoni mwa waliotoka. Kwake yeye kutoka si kosa la kuuawa mtu.

Tatu, wimbo hauiachii hukumu ya mahakama neno la mwisho. Unaonyesha mshangao, kwamba mwenye kosa kavuka salama na wasio na kosa ndio walioangamia. Hapo msikilizaji anaachiwa kazi. Hakimu amekwisha kusema, sasa baraza la Ng'ambo liseme.

Nalo limesema kwa muda mrefu. Bi Kidude, aliyejifunza nyimbo za Siti tangu udogo wake, aliendelea kuuimba wimbo huo hadi uzee wake, na alifariki Aprili 2013. Maana yake ni kwamba kesi ile iliyofungwa mahakamani katika miaka ya 1920 ilikuwa bado inasikilizwa kumbini katika karne ya 21. Hilo si jambo dogo. Majalada ya mahakama hufungwa, lakini wimbo hufunguliwa upya kila anapopatikana mwenye koo la kuuimba.

Rosa na ubao wetu

Sasa turudi kwenye semina yetu. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa mwaka 1971. Ni mwaka huo huo ambapo Tanzania ilipitisha Sheria ya Ndoa, ambayo kifungu chake cha 66 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Kwa hiyo serikali na mwandishi kijana wa Ukerewe, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wamelitazama jambo moja katika kipindi kimoja: kipigo ndani ya nyumba. Sheria ilisema kisiwepo. Riwaya ilionyesha kipo, na kinafanya nini kwa watoto wanaokitazama.

Zakaria ni mlevi na mpiga mke. Regina anavumilia, na watoto wanajifunza kwamba kuvumilia ndiyo kazi ya mwanamke. Barua ya Charles kwa Rosa inapogunduliwa, baba anampiga binti kipigo ambacho msomaji hakisahau. Wahakiki wetu wamezoea kulieleza tukio hili kwa neno moja: malezi. Wanasema Rosa alichungwa mno, na alipofunguliwa akaruka kama ndama. Maelezo haya yanaonekana ya huruma, na kwa miaka mingi yamewapatia watahiniwa maksi nzuri. Lakini yachunguzeni. Ndani yake ukatili umegeuka kuwa kosa la ufundi wa kulea, kana kwamba Zakaria angepunguza viboko viwili mambo yangekuwa sawa.

Mimi namsoma Rosa kama msichana aliyefundishwa kuogopa, akanyimwa kufundishwa kukataa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Anayeogopa huweza kukimbia siku ya kwanza, na siku ya pili akanyamaza, maana nyumbani kwao kunyamaza ndiko kulikopunguza fimbo. Wanaume anaokutana nao baadaye wana vyeo, wana umri na wana pesa. Kila mmoja anachukua anachotaka, kisha anarudi kwenye heshima zake. Rosa peke yake ndiye anayebaki na jina baya. Mwisho anapotaka kurudi kwenye maisha ya ndoa, Charles anamwacha kwa sababu ya yaliyopita, na Rosa anajiua. Hakuna hakimu aliyekaa kitini hapa, lakini kesi ni ile ile ya Chukwani. Waliotenda wamevuka. Aliyetendwa ndiye aliyezama.

Tuwe wakweli pia kuhusu mwandishi. Ziko kurasa ambamo msimulizi anamtazama Rosa kwa jicho linalofanana na la wale wanaomwinda, na msomaji wa kike huhisi jicho hilo. Aidha, kumuua mhusika wa kike ili jamii ipate funzo ni njia ambayo fasihi yetu imeitumia kupita kiasi. Lakini kosa kubwa zaidi lilifanywa na wasomaji. Riwaya ilipotoka ilizuiwa kusomwa shuleni kwa kuwa ilitaja mambo ya mwili waziwazi. Fikirini: wasichana wa sekondari, ambao ndio waliohusika na kisa chenyewe, wakakingwa na kitabu, na wala hawakukingwa na akina Zakaria. Baadaye kitabu kilipokubaliwa, kikaingia darasani pamoja na lile swali la kwenye ubao.

Nguzo ambayo haikusimama

Mwaka 1982 Penina Muhando, mwalimu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha tamthilia ya *Nguzo Mama*. Katika kijiji cha Patata wanawake, kuanzia Bi Moja hadi Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha nguzo. Wanajaribu, wanagombana, wanatawanyika. Nguzo haisimami.

Maswali ya mtihani kuhusu tamthilia hii hujibiwa kwa mkato: wanawake hawana umoja, wanawake hawapendani, adui wa mwanamke ni mwanamke. Hilo ndilo swali la kwanza limevaa nguo nyingine! Tunawauliza waliolemewa kwa nini hawakunyanyua. Tukiitazama tamthilia yenyewe tunaona kila mmoja wa wanawake hawa anafika kwenye nguzo akitokea nyumbani, na nyumbani ndiko nguvu zake zilikobaki. Yupo ambaye jasho lake la biashara ndogo linaishia mfukoni mwa mume. Yupo mjane ambaye ndugu za mume wanamvua mali hata machozi hayajakauka. Mtu wa namna hiyo akifika uwanjani na mkono mmoja tu ulio mzima, mhakiki asimuulize mkono wa pili kauacha wapi kabla hajauliza nani aliouumiza.

Umuhimu wa kihistoria wa *Nguzo Mama* ni kwamba imelitoa jambo hili kwenye kisa cha mtu mmoja. Kijiti alikuwa mhuni mmoja. Zakaria alikuwa baba mmoja. Patata ni kijiji kizima, chenye mikutano, sherehe na hotuba, na ukatili umo ndani ya mpangilio wake wa kila siku. Msanii amekwisha kutuonyesha mfumo. Kilichobaki kilikuwa kuonyesha njia ya kuukabili, na tamthilia ilikuwa na ukweli wa kutosha kukiri kwamba njia haijapatikana.

Sanaa ikiwa mikononi mwa mkatili

Hadi hapa nimeisifu sanaa. Haki inanitaka nieleze upande wa pili, maana sanaa nayo imewahi kutumika kumtisha mwanamke, na pahali penyewe ni chuo kikuu.

Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na fasihi ya ukutani iliyoitwa "Punch". Watu wasiojulikana walibandika michoro na maandishi ya kejeli usiku, na asubuhi chuo kizima kikasoma. Yako mambo mengi ambayo Punch iliyakejeli, lakini wasichana walikuwa windo lake la kawaida. Aliyekataa kutongozwa, aliyeonekana kujivuna au aliyethubutu kusema neno, alichorwa. Wanaume walicheka. Waliochorwa walijifungia vyumbani. Kwa vigezo vya darasani ile ilikuwa sanaa kamili: ilikuwa na wahusika, taswira, kejeli na hadhira.

Mwanzoni mwa mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike wa chuo hicho alijiua baada ya kusumbuliwa na kutishwa na wanafunzi wa kiume waliojificha nyuma ya jina hilo. Alikuwa mwaka wa kwanza. Simtaji jina, kwani ametajwa vya kutosha na watu waliokuwa wakitaka kujua yeye alikosea nini. Maana hata hapo, kabla machozi hayajakauka, wapo waliouliza: kwani alikuwa na uhusiano gani na wale vijana? Kwa nini alichukulia utani kwa uzito vile?

Ukilinganisha Punch na wimbo wa Siti utaona tofauti yote. Vyote viwili vinataja watu kwa majina hadharani. Lakini Siti alisimama mbele ya watu, akamtaja mwenye nguvu aliyetoroka. Punch ilijificha gizani, ikamtaja asiye na pa kukimbilia. Kwa hiyo haitoshi kusema fasihi ni kioo cha jamii. Tuulize kioo kimeshikwa na nani, na nani analazimishwa kujitazama.

Kutoka kuimbiwa hadi kusema

Kifo kile kiliamsha watu. Tangu mwaka 1987 kulikuwa na chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, ambacho mwaka uliofuata kilianza kutoa jarida lake. Jarida hilo liliitwa *Sauti ya Siti*. Mnaona uzi unavyovutwa: wanawake wa kalamu na maikrofoni, walipotafuta jina la kusemea, walirudi kwa mfinyanzi wa Fumba. Katika miaka ya 1990 kampeni za wanawake hawa na wenzao zilichangia kupatikana kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyoweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kosa la kubaka. Yaani swali la pili, umefanya nini, lilipata hatimaye kifungu chake cha sheria.

Wakati huo huo walimu wawili wa sanaa za maonyesho wa chuo kile kile, Penina Mlama (ndiye Muhando wa *Nguzo Mama*) na Amandina Lihamba, walianzisha mwaka 1996 mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Wasichana wanakutana na kutaja matatizo yao wenyewe. Wanayachambua: chanzo ni nini, nani anahusika. Kisha wanatunga igizo, wanalicheza mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wenzao, na baada ya igizo unafanyika mjadala, ndipo yanapangwa ya kufanya. Matatizo yaliyojitokeza ni pamoja na yale ambayo shuleni hayasemwi: mwalimu anayemtaka mwanafunzi, mimba inayomfukuzisha msichana peke yake, njia ya kwenda shule isiyo salama. Baadaye mradi huo ulienea katika nchi nyingine za Afrika kupitia shirika la FAWE.

Kwa mtazamo wangu Tuseme ni jibu la *Nguzo Mama*, lililotolewa na mtunzi yule yule. Katika tamthilia wanawake waliambiwa wainue nguzo ambayo hawakuipanda wao. Katika Tuseme wasichana wanaanza na kusema nini kinawaumiza. Igizo linamkinga msemaji: binti ambaye hawezi kusimama na kusema "mwalimu fulani amenifanyia hivi" anaweza kucheza nafasi ya msichana wa kubuni, na mwalimu fulani akiwa amekaa kwenye kiti cha mbele anajijua. Hilo ndilo fumbo la taarabu limerudi, ila sasa anayelifumba ni yule aliyeumizwa mwenyewe. Na baada ya igizo kuna mjadala, kwa hiyo fumbo haliachwi limefungwa.

Sitaki kudanganya kwamba kazi imekwisha. Igizo la saa moja haliondoi mamlaka ya mwalimu juu ya maksi, wala kifungu cha sheria hakimpeleki msichana polisi ikiwa anajua ataulizwa alikuwa amevaa nini. Lakini mabadiliko ya nani anayesema ni makubwa. Marehemu wa Chukwani alisemewa na Siti. Rosa alisemewa na Kezilahabi. Msichana wa Tuseme anasema.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba woga wa mwanamke una historia katika sanaa yetu, na kwamba wasanii wameushughulikia kwa njia tofauti kadiri ya nyakati zao. Mwana Kupona alitafuta usalama katika utii kwa kuwa alikuwa anakufa na hakuwa na kingine cha kutoa. Siti aliwapa waliofungwa mahakama ya pili. Kezilahabi alifungua mlango wa nyumba tukaona fimbo. Muhando alionyesha kijiji kizima, kisha akaenda kuwapa wasichana jukwaa. Wakati wote huo sisi wenye chaki tumekuwa tukiandika ubaoni makosa ya Rosa.

Kwa hiyo nina pendekezo moja tu kwa walimu na wanafunzi wenzangu. Swali la "nani aliyempotosha Rosa" lipumzishwe. Badala yake tuulize: katika riwaya hii, wanaume wamefanya nini, na ni nani aliyewauliza? Najua wapo watakaosema hiyo ni siasa na si uhakiki. Nawakaribisha wajibu katika toleo lijalo. Lakini kwanza nawaomba jambo moja dogo: siku moja watoke maktaba saa tatu usiku, peke yao, wapite ile njia isiyo na taa, wakijifanya ni Rosa. Wakifika salama, waje tujadili dhamira.

Na yule dada wa nyuma, kama unasoma makala haya: swali lako lilikuwa ndilo swali. Samahani kwamba na mimi nilicheka.